SOMO: Namna ya kufundisha sayansi mpaka darasa lianze kuuliza lenyewe

Walimu wenzangu, habari za kazi. Naomba nianze na kisa ambacho wengi mnakijua juujuu.

Mwaka 1963, pale Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa na mtindo wa kutengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Siku moja kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, aliona nafasi kwenye friji inakwisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Mwenzake aliweka ya kwake bila hata kuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado ni uji. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amejichanganya. Alipoendelea na masomo Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na kwa mara nyingine akachekwa. Hakuacha. Alipofika mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza lilelile. Osborne alirudi Dar akalifanyia majaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Leo jina la Mpemba limo kwenye vitabu vya fizikia dunia nzima, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo lile.

Kila ninapoingia darasani namkumbuka yule kijana. Swali lake lilinusurika kwa ukaidi wake tu. Je, ni mangapi yamekufa mikononi mwetu? Nimefundisha fizikia na kemia kwenye shule za kata kwa miaka mingi, na haya ninayoandika ndiyo yaliyonisaidia.

Hatua ya 1: Kitu kitangulie, neno lifuate

Wengi wetu tulifundishwa hivi: mwalimu anaandika kichwa cha mada ubaoni, anaandika maana yake, tunanakili. Mwanafunzi anakariri maana ya kitu ambacho hajawahi kukiona. Geuza. Ingia na kitu mkononi, kiweke mezani, usiseme jina lake. Maana iandikwe dakika ya 25, darasa likiwa limeshaihitaji.

Hatua ya 2: Watabiri kabla hujafanya

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hii ndiyo hatua inayobadilisha darasa kuliko zote.

Chukua uzi wa cherehani na kijiwe. Funga kijiwe, ning'iniza uzi kwenye msumari wa fremu ya dirisha. Pima sentimita 100 kutoka msumarini hadi katikati ya kijiwe. Kisukume kidogo tu, mwanafunzi mmoja ahesabu kwenda na kurudi mara 10, mwingine ashike saa. Mtapata karibu sekunde 20.

Sasa uliza: nikifunga jiwe zito zaidi, muda utaongezeka, utapungua, au utabaki palepale? Kila mmoja aandike jibu kwenye daftari kwa kalamu, si penseli. Kisha wanyooshe mikono, uandike idadi ubaoni. Kwenye madarasa yangu walio wengi husema jiwe zito litakwenda haraka. Unafunga jiwe zito, unahakikisha urefu hadi katikati ya jiwe ni uleule, mnahesabu. Sekunde 20. Hapo husikia kelele hata mwalimu wa zamu huja kuchungulia dirishani.

Usieleze bado. Uliza la pili: nataka muda uwe nusu, sekunde 10 badala ya 20, nikate uzi uwe na urefu gani? Darasa zima litajibu sentimita 50. Fanyeni. Mtapata karibu sekunde 14. Waache wabishane, wajaribu 40, wajaribu 30. Atatokea mmoja atakayefika 25, na sekunde 10 zitatimia. Sasa kipeuo cha pili kwenye kanuni inayounganisha urefu wa uzi na muda wa kubembea kina sababu ya kuwepo, na mwanafunzi ameigusa kwa mkono wake.

Asiyetabiri hutazama jaribio kama anavyotazama mpira wa timu asiyoshabikia. Aliyeandika jibu lake ana cha kupoteza, kwa hiyo macho hayabanduki.

Hatua ya 3: Jaribu mwenyewe siku moja kabla

Fanya na vifaa vilevile utakavyotumia kesho, hata kama jaribio umelifanya mara ishirini. Iodini ya duka la dawa huweza kuwa imechakaa. Mshumaa wa bei rahisi huzimika kwa upepo wa mlangoni. Mwalimu anayehangaika na kiberiti mbele ya wanafunzi sabini amekwishapoteza kipindi.

Hatua ya 4: Pambana na maneno ya nyumbani

Mtoto anatoka darasa la saba akiwa amesoma sayansi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza anakuta Kiingereza. Hilo tunalilalamikia sote. Lakini liko tatizo jingine ndani ya Kiswahili chenyewe, tusilolisema. Nyumbani neno "nguvu" linabeba mzigo wa maneno matatu: kani (msukumo au mvuto), nishati (uwezo wa kufanya kazi) na nguvu yenyewe (kasi ya kufanya kazi). "Joto" linabeba joto na halijoto (kiwango cha umoto au ubaridi). "Uzito" unabeba uzito na tungamo (kiasi cha maada kilichomo). Usipoyatenganisha kwa Kiswahili kwanza, ukileta ya Kiingereza unamwaga maji kwenye pakacha.

Mfano wangu ni ndoo. Namwita mwanafunzi mbele, namwonyesha ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Tungamo lake ni kama kilo 20, kwa hiyo dunia inaivuta kwa kani ya karibu niutoni 200. Mama akiinyanyua kutoka chini mpaka kichwani, mita moja na nusu hivi, amefanya kazi ya jouli 300. Sasa amesimama bombani na ndoo kichwani anamsubiri jirani, dakika kumi nzima. Amefanya kazi kiasi gani juu ya ile ndoo? Sifuri.

Darasa hukasirika, na wasichana hasa, kwa kuwa wao ndio wanaobeba. "Mwalimu, mbona shingo inauma?" Swali zuri kabisa. Misuli inatumia nishati ndani ya mwili ili kukaza, ila ndoo haijasogea, haijapokea chochote. Kuanzia siku hiyo "kazi" ya fizikia na kazi ya nyumbani hazichanganyiki tena. Wakati wa kutabiri na kubishana waache watumie Kiswahili, hitimisho mliandike pamoja kwa lugha ya mtihani.

Hatua ya 5: Uliza, kisha nyamaza

Miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu wa sayansi husubiri baada ya kuuliza swali. Ulikuwa kama sekunde moja. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu na wanafunzi wengi zaidi wakajibu. Mimi huhesabu kimoyomoyo mpaka tano. Mwanzoni kimya kinatisha. Zoea.

Hatua ya 6: Swali linalokukwamisha ndilo mali

Kwa miaka kadhaa nilifanya jaribio la mshumaa: unauwasha ndani ya sahani ya maji, unaufunika kwa glasi, mshumaa unazimika, maji yanapanda. Nikawa nawaambia maji yamechukua nafasi ya oksijeni iliyokwisha, moja ya tano ya hewa. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo vitabu vingi vilivyoandika.

Mwaka mmoja binti aliyekaa dawati la nyuma alinyoosha mkono. "Mwalimu, kama oksijeni ndiyo inayoisha, maji yangepanda mshumaa ukiwa unawaka. Mbona yanapanda ukishazimika?" Nilitazama tena. Kweli. Na kulikuwa na vipovu vilivyotoka ukingoni mwa glasi mwanzoni, ambavyo nilikuwa naviona miaka yote bila kujiuliza ni vya nini.

Nilimwambia sijui, turudie. Tukaweka mishumaa mitatu chini ya glasi ileile. Oksijeni ni ileile, lakini maji yalipanda juu zaidi. Maelezo yangu yakaanguka mbele ya darasa zima. Ukweli ni kwamba moto huipasha hewa, hewa inatanuka na nyingine inatoka kama vipovu; moto ukizimika, iliyobaki inapoa na kusinyaa, na hewa ya nje inayasukuma maji ndani. Oksijeni inayotumika inazaa kaboni dayoksaidi na mvuke, haiachi pengo tupu. Mishumaa mitatu ilipasha hewa zaidi, basi.

Nawaomba sana walimu wenzangu: ukiulizwa swali la namna hii, usimkalishe mtoto chini. Mtaje kwa jina, andika swali lake ubaoni, lifanyieni kazi.

Hatua ya 7: Uwe na boksi lako

Langu ni boksi la viatu. Lina uzi, misumari, balbu ndogo za tochi, nyaya, sumaku ya spika mbovu, mabomba ya sindano yasiyo na sindano, iodini, na rozela kavu. Rozela ukiiloweka kwenye maji ya moto unapata kiashiria cha asidi na besi bila kuagiza chochote: ndimu inaifanya nyekundu kali, magadi yanaigeuza kijani. Maji ya majivu pia watajaribu, waache.

Juu ya usalama sina mjadala. Hakuna kuonja kitu cha jaribio hata kiwe ndimu. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Asidi ya betri ya gari usiilete darasani. Spiriti ishikwe na mwalimu peke yake, na chupa iwe mbali kabla kiberiti hakijawashwa.

MASWALI YA WALIMU WENZANGU

Mwalimu wa kemia, Singida: Shikamoo mwalimu. Mimi nina wanafunzi 92 mkondo mmoja na maabara haijaisha kujengwa. Makundi yanageuka soko.

*Jibu:* Marahaba mwalimu. Wagawe kwenye makundi ya sita, na kila mmoja awe na kazi yake: wa kushika kifaa, wa saa, wa kuandika, wa kusoma matokeo, wa kulinda usalama, wa kwenda kuuliza kundi jingine. Kazi zibadilike kila wiki. Vifaa vikiwa vya kundi moja tu, fanya mbele wewe, lakini kutabiri kuwe kwa kila mtu. Daftari lisilo na utabiri, mwenye nalo hasogei mbele kutazama.

Mwalimu mpya, Mtwara: Mtaala ni mrefu na mwalimu wa taaluma anataka mada ziishe kabla ya mtihani wa moko. Majaribio haya muda nitautoa wapi?

*Jibu:* Pima kwa saa. Ule uzi na jiwe ni kipindi kimoja cha dakika 40. Mada hiyohiyo ukisoma notisi waandike unamaliza vipindi viwili, na unairudia kabla ya mtihani kwa sababu wamesahau. Notisi mpe kiranja wa darasa wanakili jioni. Na si kila mada inastahili jaribio. Chagua zile ambazo watoto huja na wazo potofu kutoka nyumbani, hapo ndipo utumie muda wako.

Mwalimu wa sekondari msingi, kaunti ya Kakamega: Hujambo mwalimu. Mimi nilisomea bayolojia, sasa nafunza Sayansi Jumuishi gredi ya 8. Mada ya umeme inanitoa jasho.

*Jibu:* Sijambo dada. Leo usiku kaa na betri moja ya tochi, balbu moja ndogo na kipande kimoja cha waya, ujaribu kuiwasha. Waya mmoja tu. Wengi hushindwa mara ya kwanza kwa kudhani balbu inaguswa mahali pamoja. Ina sehemu mbili: ncha ya chini na ubavu wa kitako chake. Ukishaiwasha kwa mkono wako, chora kila mpangilio ulioshindwa na ule uliokubali. Michoro hiyo ndiyo kipindi chako cha kwanza. Wape watabiri ipi itawaka. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa kwa mafunzo.

Mwalimu, Pemba: Wasichana wangu wanaandika vizuri lakini vifaa hawashiki, wanawaachia wavulana.

*Jibu:* Kwangu ilikuwa hivyohivyo mpaka nilipoacha kusema "mmoja wenu aje". Yule anayewahi kuja ni yuleyule kila siku. Naita kwa orodha ya majina. Na kwa muhula mmoja niliunda makundi ya wasichana watupu kwenye majaribio tu, baadaye nikayachanganya tena. Walirudi wakiwa wanagombania saa.

Mwalimu wa fizikia, Iringa: Je, aiskrimu ya Mpemba umewahi kuifanya na wanafunzi? Ilikubali?

*Jibu:* Mara nne, kwa maji, kwenye friji ya duka lililo karibu na shule. Mara moja ya moto iliwahi kuganda, mara tatu ya baridi ikatangulia. Baada ya pale ndipo mabishano yalipoanza: kopo moja lilikalia barafu na jingine halikuikalia, maji ya moto yalipungua kwa mvuke, na "kuganda" ni tabaka la kwanza juu au mpaka chini? Kidato cha tatu wameandika orodha ya mambo manane ya kusawazisha, la kwanza likiwa vifuniko. Mwenye duka ametukubalia Jumamosi, akishatoa soda zake.