Kuonyesha filamu ya roki Mwanza: spika kwanza, projekta baadaye

Filamu ya ngumi kwenye kibanda umiza cha Mabatini au Igoma huvumilia sauti mbovu: mtafsiri anaongea, mateke yanaonekana, watu wanaridhika. Filamu iliyojengwa juu ya albamu nzima ya roki haivumilii, kwa sababu nyimbo ndizo zinazosimulia. Kwa hiyo hapa mtafsiri wa kuongea juu ya filamu hafai. Mpe dakika tano aeleze kisa kabla ya kuanza, kisha achukue kiti.

Ya kuanza nayo ni Pink Floyd – The Wall (1982) ya Alan Parker: dakika 95, mazungumzo machache, picha zinajieleza. Watoto wasiingie, kuna damu, dawa za kulevya na utupu. Tommy (1975) ya Ken Russell ni kuimba karibu mwanzo mwisho, utatafsiri kila mstari. Quadrophenia (1979) ina hadithi ya kawaida na muziki wa bendi ya The Who ukipita chini yake. Kinachosumbua ni Kiingereza cha mtaani cha vijana wa London. Kama kuna waliokariri albamu ya The Wall ya 1979, waambie mapema kuwa “Hey You” haimo kwenye filamu, la sivyo watasema umeikata.

Kuwa na DVD si ruhusa ya kuonyesha hadharani. Wasiliana na mwenye haki za filamu, ulizia kibali Bodi ya Filamu, na mwenyekiti wa mtaa ajue utamaliza saa ngapi.

Sasa kebo, maana hapa ndipo onyesho huharibika. Wengi hutumia kebo yenye pini ndogo ya stirio (milimita 3.5) upande wa kompyuta na pini moja kubwa ya stirio upande wa miksa (mashine ya kuchanganya sauti). Gitaa za pembeni zinasikika vizuri, mwimbaji hayupo! Tundu la miksa lenye njia mbili huchukua mkondo wa kushoto na kupunguza humo ule wa kulia, hivyo chochote kilicho sawa pande zote kinafutika, na mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa katikati, yaani sawa pande zote. Tumia kebo inayogawanyika kuwa pini mbili kubwa za mono, yaani za njia moja (milimita 6.35). Kila pini ichukue chaneli yake. Kwa kitufe cha PAN, chaneli moja izungushe kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa.

Mwimbaji akiwa bado mbali, kagua faili. Sauti ya 5.1 (ya spika sita) mara nyingi huweka waimbaji kwenye spika ya katikati, na wewe una mbili tu. Kwenye VLC (programu ya kuchezea video) chagua stirio katika menyu ya sauti. Bluetooth iache, inachelewesha sauti; kama huna njia nyingine, rekebisha kwa vitufe vya J na K.

Sauti usiipime mwanzoni mwa filamu. The Wall inaanza na korido ya hoteli, wimbo wa zamani na mashine ya kufagia zulia, halafu gitaa zinavamia. Anayeongeza sauti kwenye ule ukimya huunguza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Nenda moja kwa moja kwenye wimbo wa “In the Flesh?”, pandisha hadi taa nyekundu ya miksa ikaribie kuwaka, rudisha kidogo, basi.

Mwanza kuna mawe, na jiwe la wazi hurudisha sauti. Likiwa mita 17 nyuma ya watazamaji, mlio huenda na kurudi mita 34, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ngoma inasikika mara mbili. Weka jiwe nyuma ya skrini, spika zilipe mgongo. Ziinue mita 2 hivi, ziinamishe kidogo kuelekea safu ya mwisho. Ukumbi wa bati, tundika mablanketi ukuta wa nyuma. Mvua ikinyesha, hakuna spika itakayoishinda, hivyo Aprili na Novemba ziepuke.

Skrini ya upana wa mita 3 na kimo cha mita 1.7 inatosha watu 60 hivi. The Wall ni filamu pana, kwa hiyo itaacha ukanda mweusi wa sentimita 20 chini. Tafsiri iende hapo: mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 40. Usitafsiri neno kwa neno, Kiswahili kitajaa. Faili la SRT (lenye maandishi ya tafsiri) lihifadhi kwa usimbaji wa UTF-8, ulipe jina lilelile la video. Likiwahi au kuchelewa, sogeza kwa G na H.

Karibu na ziwa, tazama kalenda ya mwezi. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi huzidi mwezi unapoandama, na mwanga wa projekta unawaita. Zima taa zote za karibu, washa moja kali mita 30 pembeni, upande wa ziwa. Usifunike projekta kwa chandarua: hewa ikizibwa, inapata joto na kujizima katikati ya wimbo. Anza saa 1:30 usiku, giza limeshaingia. Ukimaliza, usichomoe umeme mpaka feni isimame yenyewe, ndipo utoe kichujio na kupangusa wadudu kwa brashi kavu.