Jinsi ya Kukagua Sarafu ya Fedha ya Syracuse

Mtu akikuletea hapa Tabora sarafu ya fedha na kudai kuwa ni ya Syracuse, mji ambao Wagiriki wa Korintho waliuanzisha katika kisiwa cha Sicily karibu mwaka 734 KK, usianze na picha, kwa kuwa picha ndiyo mghushi huishughulikia kuliko kitu kingine chochote. Wala usiisugue kwa majivu au dawa ya meno. Anza na mizani.

Mwombe sonara akupimie kwa mizani inayosoma sehemu za gramu. Tetradrakma, yaani sarafu ya Kigiriki ya drakma nne, ilikuwa na gramu 17.2 hivi, iliyolika kwa matumizi hupungua kidogo, lakini yenye gramu 14 ina walakini. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, uning'inize sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa glasi, na usome namba inayojitokeza. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Fedha safi hutoa 10.49 na shaba 8.96, jibu likikaribia 9, huenda ni shaba iliyovikwa fedha, hila ambayo hata watu wa kale waliifanya.

Geuza sarafu utazame ukingo wake. Tetradrakma iligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili, na ndiyo maana mara nyingi picha hukaa upande na ukingo huwa na mipasuko midogo. Mstari unaouzunguka ukingo wote, au vitundu vya hewa usoni, ni dalili kwamba sarafu ilimiminwa katika kalibu.

Picha zenyewe ni rahisi: gari la farasi wanne upande mmoja, na upande wa pili kichwa cha Arethusa, nimfa wa chemchemi ya Syracuse, kati ya pomboo wanne. Kazi iko kwenye maandishi. ΣΥΡΑΚΟΣΙΟΝ (yaani "ya watu wa Syracuse"), kwa herufi O karibu na mwisho, ni tahajia ya kale kuliko ΣΥΡΑΚΟΣΙΩΝ. Mwishoni mwa karne ya 5 KK wachongaji kama Kimon na Euainetos walianza kutia majina yao kwa herufi ndogo mno, kwa hiyo tumia lenzi. Ukitaka kuzoeza jicho, tafuta kwanza herufi T, alama ya Tabora, kwenye sarafu za heller 20 za Wajerumani zilizogongwa hapa mwaka 1916.