Somo: kuimbisha watu wasiojiona waimbaji

Mwadila, ndugu zangu. Mmeniomba mara nyingi niandike namna ninavyoimbisha kikundi chetu cha waanika dagaa hapa Kirumba, Mwanza. Niseme mapema kwamba mimi si mwalimu wa kwaya. Nota nasoma kwa kubabaisha, na sauti yangu ni ya kawaida, imekwaruzwa na moshi.

Sauti nzuri hata hivyo siyo inayotafutwa. Mwimbaji hodari akianza, watu hunyamaza wamsikilize. Mwimbishaji akianza, watu hufungua midomo. Wasukuma humwita kiongozi wa ngoma ningi, na ukitaka kumwona akiwa kazini nenda Bujora, pale Kisesa barabara ya Musoma, mwezi wa sita wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na kwa desturi hakimu ni umati: anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ningi anayejiimbia mwenyewe huwaona watu wakihamia kwa jirani.

Kwanza: anzia chini. Hili nitalikalia, maana ndilo linaloua nyimbo nyingi.

Mwaka wangu wa kwanza nilianzisha wimbo msibani, usiku, nimesimama mbele ya watu na magoti yanagongana. Woga hukaza koo, na koo likikaza sauti hupanda bila wewe kujua. Mstari wa kwanza ulipita. Kwenye kiitikio, pale wimbo unapopanda, wanaume walikatika mmoja mmoja, wakafuata akina mama, nikabaki peke yangu nikipiga kelele kwenye msiba wa watu. Bibi mmoja, tunamwita Mayu, alikuwa amekaa mkekani ameegemea nguzo. Hakusema neno. Alisubiri nivute pumzi, akauanza upya mlemle, chini kabisa, karibu kama mtu anayeongea. Uwanja mzima ukaitikia.

Tangu siku ile, kabla sijaanza najivumia kimoyomoyo pale wimbo unapopanda juu kuliko kwingine. Nikiona kidevu kinainuka, nashusha. Kisha napima na chini: kama sauti ya chini kabisa inatoka pumzi tupu, nimeshuka mno. Kumbukeni pia kwamba wanawake na wanaume wakiimba wimbo mmoja huwa wanapishana oktava nzima, yaani tuni ileile, mmoja juu na mwingine chini. Mahali panapokufaa wewe mwenye sauti nyembamba panaweza kumnyonga mzee wa besi aliyekaa nyuma. Pima kwa mtu wa kawaida, tena wa asubuhi, kabla koo halijapata moto.

Pili: chagua kiitikio kifupi. Maneno matatu, manne yatosha. Beti zibaki kwako. Karatasi msigawe: mtu akishika karatasi, anaiimbia karatasi.

Tatu: fundisha kwa mdomo. Anza na kiitikio, ubeti utakuja baadaye. Imba kipande, wakurudishie. Wanaporudisha, wewe funga mdomo usikilize, la sivyo hutajua wameshika nini. Wakikosea, kiimbe tena kile kipande kwa usahihi na usimtazame aliyekosea. Maelezo marefu waachie wanasemina.

Nne: wape mwili kazi. Wanaocheza bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, hurusha na kushusha majembe kwa pamoja, na asili yake ni shambani, kundi linalolima kwa mstari na wimbo ukipanga mwendo. Sisi wimbo wetu hufuata mikono inayogeuza dagaa kwenye chanja. Ukiukimbiza, dagaa watamwagika chini, na hapo utasikia maneno ambayo hayamo kwenye wimbo wowote. Kama hamna kazi mkononi, tembeeni mahali pamoja. Mguu haudanganyi mwendo.

Tano: nyamaza. Kiitikio kikishazunguka mara tatu hivi, waachie. Rudi nyuma hatua moja, umpe jicho mtu mwingine aanzishe ubeti. Hapa nilishindwa miaka miwili, kwa sababu kusikika kunanoga.

Kuhusu ratiba: tulijaribu kila Jumamosi, hatukuwa tukionana. Siku hizi tunafuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hulala, na mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, pana nafasi. Hizo ndizo siku zetu.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Igoma:* Shikamoo. Kwenye kikoba chetu kuna mzee ana sauti kubwa na haishiki kabisa. Wenzetu wanacheka. Nimwambieje?

Marahaba, mama. Usimwambie kitu. Mkalishe katikati ya wawili wenye sauti imara, wamkaribie hadi mabega yagusane. Mara nyingi mtu anayepotea ni kwa sababu anajisikia yeye tu, na akisikia jirani sikioni hujirekebisha mwenyewe. Halafu punguza kelele ya wimbo wote, maana anayeimba kwa nguvu zote hana nafasi ya kusikia. Wanaocheka ndio wa kusema nao, pembeni. Kwetu yupo mmoja wa namna hiyo, tukampa ngoma, na tangu ashike ngoma hajawahi kukosa mazoezi.

*Kijana wa Nyegezi:* Tutumie kipaza sauti?

Kwa tangazo, sawa. Kwa kuimbisha hapana, watakusikia wewe wasijisikie wao.

*Mvuvi wa Kayenze:* Kambini tuna Wasukuma, Wakerewe, Wajita na Wajaluo. Tuimbe lugha gani?

Beti kwa lugha ya anayeanzisha, kiitikio cha wote kwa Kiswahili au hata "ee, ee" tu. Mjita akianzisha cha kwao, mwombeni aseme maana kabla, kwa sentensi moja. Mkitaka kutia maneno ya Kiswahili kwenye tuni iliyotoka kwingine, angalieni mkazo. Sisi huutia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: *nyu-MBA-ni*, *sa-MA-ki*. Tuni ikiubeba mkazo kwenye *sa*, mtaimba "SA-maki" na kila mtu atahisi kuna kitu kimekaa vibaya hata kama hawezi kukitaja. Semeni mstari kwanza kama mnavyoongea, mpige makofi pale sauti inapoegemea, ndipo mtafute tuni inayoangukia hapo. Kubadili neno moja ni rahisi kuliko kuivunja tuni.

*Dada wa Buzuruga:* Mimi naona haya. Nikianzisha natetemeka, na wote wananijua.

Usianzishe ukiwa umesimama mbele. Kaa ndani ya duara, mkono wako ukiwa na kazi, hata kama ni kuchambua mchele. Jivumie kidogo kidogo wimbo ambao unajua jirani yako anaupenda. Ataudakia yeye. Usimtazame. Na ukikatika katikati, anza upya chini zaidi bila kuomba radhi. Mayu hakuniomba radhi mimi.

*Dada wa Buzuruga:* Na wasipodakia?

Utakuwa umechambua mchele. Jaribu tena kesho, mapema kidogo, kabla redio ya jirani haijafunguliwa.