Kabla ya Mbwa Kupimwa Nyuzi Nyeupe za Ubongo

Muulize kwanza daktari wa mifugo anatafuta nini. Uvimbe au maji yaliyojaa kichwani huonekana kwa MRI ya kawaida, yaani picha zinazopigwa kwa sumaku yenye nguvu, na mara nyingi hiyo inatosha. Kipimo cha nyuzi nyeupe, yaani cha mtawanyiko wa maji kwa mashine hiyohiyo ya MRI, ni jambo jingine. Katika sehemu nyeupe ya ubongo, maji husogea kwa urahisi zaidi yakifuata urefu wa nyuzi za neva kuliko yakizikata, na kutokana na mwendo huo kompyuta hukisia nyuzi zimeelekea wapi. Nasema hukisia kwa makusudi: zile picha za rangi zinazovutia macho si nyuzi zenyewe, ni hesabu.

Hesabu hiyo hudai mwendo wa maji upimwe katika mielekeo 6 kwa uchache, na kwa kawaida mingi zaidi. Ubongo wa binadamu una takriban gramu 1,300; wa mbwa mara nyingi ni gramu 100 hivi au chini yake. Basi kila nukta ya picha sharti iwe ndogo, ishara inadhoofika, muda unarefuka. Mbwa akitikisa kichwa kidogo tu, kazi imeharibika. Wapo waliofunzwa kutulia ndani ya mashine wakiwa macho, lakini mgonjwa usimtarajie hivyo. Atapewa nusu kaputi.

Hapo ndipo penye maandalizi hasa. Damu ipimwe ili hali ya ini na figo ijulikane, moyo usikilizwe, chakula kisitishwe kwa saa alizotaja daktari. Mbwa mchanga hanyimwi chakula kwa muda sawa na mkubwa, sukari yake hushuka upesi. Mwenye pua bapa atajwe mapema kwa sababu ya njia yake ya hewa. Dawa za kifafa usizikatishe kwa uamuzi wako.

Mkanda wa shingoni uvuliwe. Chipu ya utambulisho kwa kawaida hukaa kati ya mabega na haisumbui, ila ikihamia karibu na kichwa huacha doa jeusi kwenye picha. Hewa iliyo ndani ya mifupa ya paji la uso nayo hupindisha picha za upande wa mbele, uliza watairekebishaje.

Andika pia tarehe na saa ya degedege la mwisho. Likiwa la karibuni, laweza kubadilisha mtawanyiko wa maji kwa muda, na msomaji wa picha akadhani ni kidonda.