Kubadilisha sare za bendi ya matarumbeta, kuanzia jora hadi kamba ya kuanikia

Vikundi vya beni, ngoma ya zamani iliyoiga bendi za kijeshi, vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi sawasawa na vilivyoshindana kwa ngoma, na bendi za harusi za Dar es Salaam bado zinatazamwa kabla ya kusikilizwa. Lakini mpigaji hupuliza juani, juu ya gari la wazi. Sare ichaguliwe kwa pumzi na jasho kwanza. Koti la sufu la bendi za zumari za Uskoti lilikusudiwa baridi. Ninyi chukueni tetroni yenye pamba, bitana iishie mabegani.

Kwa kitambaa chenye upana wa mita 1.5, mtu wa umbo la wastani hula mita 2 za koti na mita 1.3 za suruali. Mkiwa 12, nunueni za watu 14: mita 28 za makoti, 18 na kidogo za suruali. Za ziada ni lazima, maana mwakani mkirudi Kariakoo hamtaipata rangi ileile. Nyekundu ya jora moja si nyekundu ya jora jingine, hata muuzaji akiapa. Makoti yote yatoke jora moja.

Kabla ya kulipia yote, kateni kipande cha sentimita 20 kwa 20. Kilowekeni kwenye maji ya sabuni pamoja na utepe mweupe mtakaoutumia, kianikeni, kipigeni pasi, kisha kipimeni. Kikibaki 19, suruali ya sentimita 100 itapungua 5. Kitambaa chote kilowekwe kabla ya kukatwa. Utepe ukigeuka wa waridi, rangi inachuja: tafuteni kingine.

Kwa fundi ndiko makosa mengi hutokea. Hupima kifua mtu akiwa ametulia, kumbe kazini kifua kimejaa hewa. Mpigaji avute pumzi hadi mwisho, futikamba ipite hapo, ziongezwe sentimita 10. Wa tromboni apimwe mkono wa kulia akiwa ameunyoosha mbele, la sivyo mkono wa koti utapanda hadi karibu na kiwiko kila anaposukuma bomba la tromboni mbele. Kwapani ombeni kipande cha ziada chenye umbo la almasi; bila hicho mshono wa mpiga ngoma kubwa ndio hufumuka wa kwanza. Begani, mkanda wa ngoma unapokaa, kitambaa kiwe mara mbili.

Vifungo vya shaba huota kutu ya kijani kwa jasho na kuchafua koti. Vitiwe pete nyuma ili vitolewe kabla ya kufua.

Baada ya shughuli, geuzeni koti ndani nje, mlisuuze kwapani kwa maji baridi, mlianike kivulini. Pasi juu ya jasho hukausha doa likagoma kutoka. Msihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, hasa masika: koga huingia haraka. Shuka la pamba linatosha kufunika, na makoti yasibanane.