Ukitaka kwenda Ujiji, subiri giza

Kabla hujakata tiketi, tazama mwezi wa kuandama. Usifike Ujiji, mji wa kale wa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe kumi na tatu mpaka kumi na saba. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawatoki, vyombo hulala mwaloni, yaani ufukweni, na wewe utakuwa umeikata nchi nzima kuja kutazama maji matupu. Nenda kuanzia ishirini na mbili hivi mpaka tatu au nne ya mwezi unaofuata, siku za giza. Sisi tunaoanika dagaa kijijini Kama, hapa Unguja, tunaijua hesabu hii kama majina ya watoto wetu. Dagaa wa bahari na wa ziwa wote hufuata taa, na taa haifui dafu mbele ya mwezi.

Kalenda ya pili ni ya serikali. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ukiwa na nia ya kwenda miezi hiyo, uliza kwanza kama ziwa liko wazi. Mimi napenda mwisho wa Agosti na Septemba: mvua bado, njia kavu, ila kuna vumbi na ukungu wa moshi unaoficha milima ya Kongo ng'ambo. Ukitaka milima hiyo uione imesimama wazi, nenda mvua zikishaanza, asubuhi baada ya manyunyu ya usiku.

Kazi yangu ni kuchemsha dagaa, kuanika na kuuza. Wateja wetu wakubwa ni Wakongo, na kwa miaka nimekuwa nikiwasikia wakipiga simu kuhusu magunia yao, Kigoma haikosi kutajwa. Siku moja nikasema, kama dagaa wangu anafika huko, na mimi nifike. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza peke yangu, nikakosea mengi. Mara ya pili na mtoto wa dada yangu, kijana wa skuli, tukaenda kwa mpango. Haya ni ya mara ya pili, na makosa ni ya mara ya kwanza.

Safari ianzie hapa hapa mjini Unguja, nusu siku tu. Nenda Shangani uitazame nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip mwenyewe, tajiri wa pembe na watumwa, aliyefia mjini hapa 1905. Toka hapo nenda kwenye nyumba ya Livingstone, yule mmisionari Mskochi, njia ya Bububu, alikokaa 1866 kabla ya safari yake ya mwisho. Malizia Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi 1873. Katika kanisa la pale kuna msalaba wa mbao iliyotoka kwenye mti ulipozikwa moyo wa Livingstone, kule Chitambo, Zambia. Ukishaziona hizo, Ujiji hutaiona kama mji wa mbali. Utaiona kama ncha ya pili ya kamba ambayo ncha yake ya kwanza umeizoea tangu utoto.

Boti mpaka Dar ni saa mbili hivi. Chukua kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na cha Taifa, vyote viwili. Kutoka Dar kuna ndege, kuna basi, kuna treni. Ushauri wangu: nenda kwa treni, urudi kwa ndege ukiwa na uwezo. Treni ya umeme inafika Dodoma tangu 2024, ni ya haraka, lakini baada ya hapo bado utahitaji reli ya zamani au basi. Mimi hupanda ile ya zamani tokea Dar. Ni kilomita 1,250 na kitu, reli iliyofika Kigoma 1914, na utaikaa siku mbili, pengine na zaidi. Usipange miadi ya siku ya kufika. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Ujiji Novemba, kwa hiyo wewe ukichelewa saa sita nyamaza.

Kata daraja la pili la kulala. Chumba kina vitanda sita, wanawake mbali na wanaume mbali, isipokuwa jamaa moja mkichukua chumba kizima. Chukua shuka, kopo lako la maji ya chooni (usitegemee la mtu), chupa ya chai, boflo na tende. Usibebe chakula kingi kwa sababu njia yenyewe inalisha. Saranda watu hugombania kuku na wali madirishani. Tabora, treni inapogawanyika, kundi moja Mwanza na jingine Kigoma, unauziwa asali. Asali hiyo nunua, lakini kifuniko kikague mwenyewe. Mara ya kwanza nililaza chupa kwenye mkoba, nikaamka Malagarasi baibui limeloa na sisimizi wamejipanga foleni kutoka dirishani mpaka kwangu. Karibu na mwisho wa njia kuna Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi. Watu wamekuwa wakiyachemsha kupata chumvi kwa karne nyingi kabla ya misafara yetu kufika. Mimi ninayenunua chumvi kwa gunia nilishuka nikatazama mpaka honi ikanikimbiza.

Stesheni ya Kigoma ni jengo la Wajerumani, jeupe, limetazama ziwa. Ukishuka, swala kwanza, na hapa nina mawili ya kukwambia. Saa ni ile ile ya Unguja, lakini jua siyo. Kigoma iko magharibi mno, swala ya magharibi huingia kama dakika arubaini nyuma ya kwetu. Mara ya kwanza nilisimama kuswali kwa mazoea ya saa, mama mmoja akanishika bega: "Dada, jua hilo bado." La pili ni kibla. Unguja tunaelekea kaskazini karibu sawasawa. Kule kinaegemea kulia, upande wa mashariki. Usikisie.

Malazi tafuta Mwanga, katikati ya Kigoma na Ujiji. Nyumba za wageni zipo za kila bei. Usichukue chumba kisicho na chandarua kizima, tia mkono ukikague tundu kwa tundu. Nitarudi kwenye hili.

Ujiji iko kilomita nane hivi kusini ya bandari ya Kigoma, daladala zinakwenda kutwa. Shuka, tembea kwa miguu. Njia imeshuka kuelekea ziwani, miembe mikubwa, nyumba za udongo zenye baraza, wazee wenye kanzu na kofia, wanawake wamejifunga kanga. Kiswahili ndicho utakachokisikia zaidi. Wanaokaa pale wengi hujiita Wamanyema, wazee wao walitoka ng'ambo ya ziwa. Waha ndio wenyeji wa nchi yenyewe. Asubuhi ukimwambia Muha "mwakeye" utafunguliwa mlango mapema.

Sasa adabu. Sisi wa visiwani tuna tabia ya kusikia tunakwenda mji "wetu". Kweli bendera ya Sultani Barghash ilipepea Ujiji, na kweli Rumaliza, Muhammed bin Khalfan, tajiri mwingine wa pembe na watumwa, alikuwa na nguvu zake pale. Lakini barabara ile ya misafara ilibeba meno ya ndovu na ilibeba watu, na waliofungwa minyororo walitembezwa kuja kwetu. Kwa hiyo usifike ukajitapa kwamba sisi ndio tuliowaletea dini na milango ya kuchonga. Na usimuulize mtu ukoo wake ulifikaje pale. Hata Unguja swali hilo hatuulizani barazani. Kaa, kunywa kahawa, atakayetaka kusema atasema. Chukua zawadi: karafuu kidogo, mdalasini, na halua. Halua ilinifungulia maneno kuliko swali lolote.

Ukumbusho wa Livingstone una kiingilio, na utakuta sanamu mbili za wazungu, Livingstone na Stanley, wakisalimiana kwa kuvua kofia, na nguzo ya mawe yenye ramani ya Afrika. Mwembe wa asili walipokutania 10 Novemba 1871 ulikufa zamani. Iliyopo inasemwa imetokana na ule. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walifika ziwani hapa tangu Februari 1858. Saa moja inatosha. Nilichokitazama mimi zaidi ni umbali wa maji. Zamani ziwa lilikuwa karibu na mwembe, sasa unateremka hatua mia kadhaa kulifikia. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo. Ulikuwa umezibika, maji yakajaa, na mwishoni mwa miaka ya 1870 yakazibua njia, ziwa likashuka. Miaka ya karibuni yamepanda tena na kuingia kwenye majengo ya pwani. Mtoto wa dada yangu aliuliza wapagazi wako wapi katika sanamu. Hawapo. Wanyamwezi na Waungwana (ndivyo walivyojiita wapagazi wa pwani) waliobeba kila kitu mabegani kutoka pwani utawatafuta mwenyewe, kwa kutembea njia waliyoingilia.

Alasiri teremka mwaloni, na hapo ndipo uache haraka. Kigoma hawasemi diko, wanasema mwalo. Nilipofika mara ya kwanza niliketi mchangani nikamuuliza kijana, "Maji yanakupwa saa ngapi?" Akacheka mpaka akawaita wenzake. Ziwa halikupwi wala halijai, mwanangu. Mtu wa pwani huhisi kitu kimekosekana mwilini. Nikachota, nikaonja: maji baridi, hayana chumvi hata chembe. Mawimbi yapo, upepo ukivuma ni makali na yameua watu, kwa hiyo chombo kisicho na maboya ya kuokolea usipande, hata kama nauli ni nusu. Kuoga, usioge penye matete na maji yaliyotulia karibu na makaazi. Kichocho kipo, na sisi kwetu tunakijua vizuri. Mamba nao, waulize wavuvi, siyo mhudumu wa hoteli.

Jua linazama juu ya Kongo, kama sisi Forodhani linavyozama juu ya Bara. Kisha giza likikaza, taa zinawashwa. Zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Kwa mbali utadhani kuna mji wa pili juu ya maji. Chombo ni kipe, mitumbwi miwili iliyoungwa pamoja, wavu unateremshwa chini, taa inawakusanya dagaa juu yake, kisha wavu unavutwa. Ziwa lina kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa na Ziwa Baikal la Urusi tu, lakini samaki hawaishi chini huko, hewa haipo. Wako tabaka la juu. Kwa hiyo taa inawafikia.

Amka alfajiri uende kuwapokea. Dagaa wao ni mwembamba wa fedha, jamaa wa samaki wa baharini walioishia ziwani. Wao hawachemshi. Wanaanika mbichi, jua kali siku moja, basi. Sisi tunachemsha kwa maji ya chumvi, ndipo tunaanika. Ndiyo maana wa Kigoma ana utamu wake na wa kwetu ana chumvi yake. Ukinunua, chukua wa kwenye vichanja vya wavu, siyo wa kwenye mchanga. Mtie mmoja mdomoni utafune: ukisikia kikichi menoni, rudisha. Harufu iwe ya samaki mkavu, isiwe ya uchachu, na akivunjika atoe sauti. Hapo nimekupa siri ya kazi.

Kula migebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo, na mboga iliyotiwa mawese. Mawese tumbo la mgeni huanza nayo taratibu.

Meli Liemba wengi huulizia. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa vipande vipande, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa 1924 na 1927 ikaanza kazi tena. Imekuwa katika matengenezo ya muda mrefu, basi usijenge safari juu yake. Gombe kwa sokwe ni mashua kuelekea kaskazini, tenga siku nzima na fedha nyingine.

Kurudi, mawese yatie kwenye dumu la kifuniko cha kukaza, lifunge mifuko miwili, usilaze. Dagaa wa Ujiji niliwaleta kilo tano. Kwetu Kama wakanicheka kwamba nimenunua ninachouza, na mpaka Ijumaa kilo zilikuwa zimekwisha.

Chandarua sasa. Unguja na Pemba malaria imepungua hata miili yetu imeisahau, na Kigoma ni katika mikoa yenye malaria nyingi. Kabla ya kuondoka muulize daktari dawa ya kinga. Ukirudi, homa yoyote ndani ya mwezi, kapime siku hiyo hiyo, usimeze dawa ya maumivu ukalala. Mimi ilinishika siku ya kumi na mbili. Kituoni swali la kwanza lilikuwa, "Umesafiri Bara?" Wakanitibu, na baada ya siku mbili wakaja nyumbani kupima kila mtu, mpaka mama mkwe aliyekuwa hataki kuchomwa kidole.