SOMO: Namna tulivyomaliza madeni ya nyumbani kwa kuanzia kwenye mita ya luku (umeme wa kulipia kabla)

Habari zenu wapendwa. Niliahidi kuandika somo hili tangu mwezi uliopita, lakini mwisho wa mhula mnajua wenyewe, sare za watoto wa watu zimejaa mezani. Mimi ni fundi cherehani, naishi Dar es Salaam na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Mwaka jana tulikuwa na madeni matano kwa mpigo, jumla shilingi 834,500. Tuliyamaliza kwa miezi saba, na hakuna aliyetuongezea kipato. Naandika hatua kwa hatua ili mwenye hali kama yetu apate pa kuanzia leo hii.

HATUA YA KWANZA: Toa madeni yote mezani

Chukua daftari, chora safu nne: nani ananidai, kimebaki kiasi gani, kinaongezekaje, na nikichelewa nini kitatokea. Safu ya nne ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo watu wanaisahau.

Yetu yalikuwa hivi. Kausha damu, yaani mkopo wa riba kali unaorejeshwa kila siku, 132,000 pamoja na faini. Mkopo wa simu 65,000. Kwa Mangi dukani 87,500. Kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, 400,000. Wifi yangu 150,000.

Nitasema ukweli: lile la kausha damu mume wangu alikuwa halijui. Nilikopa Januari, ada na madaftari vilipokutana na kodi ya chumba cha kushonea, na niliweka cherehani yangu dhamana. Kila afisa mikopo alipopita nilikuwa namwambia mume ni mteja. Usiku nilipoliandika kwenye daftari mbele yake mikono ilinitetemeka. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akachukua kalamu akaandika lake, la simu, ambalo mimi pia nilikuwa silijui. Toka usiku ule tulianza kulipa kweli, kwa sababu kabla ya hapo kila mmoja alikuwa anachota kwenye mtungi mmoja kwa siri.

HATUA YA PILI: Panga foleni kwa kasi ya deni

Wengi huanza na deni kubwa au na mdai mwenye kelele. Anza na linalokua kila siku.

Tazama la kausha damu. Nilipewa 150,000, rejesho 6,000 kila siku kwa siku 30, jumla 180,000. Ukisikia haraka unasema riba ni asilimia 20. Lakini unaanza kurudisha kesho yake, kwa hiyo hela yao hukai nayo yote mwezi mzima. Kwa wastani unakuwa na kama 75,000 tu mkononi. Riba ya 30,000 juu ya 75,000 ni karibu asilimia 40 kwa mwezi mmoja. Watoa mikopo wenye leseni ya daraja la pili wamewekewa na Benki Kuu ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Pima mwenyewe umbali wa hapo hadi hapa.

Kwa hiyo foleni yetu ikawa: kausha damu, simu, Mangi, kikoba, wifi. Wa nyuma kwenye foleni usiwakimbie. Nilimfuata wifi nyumbani kwake, sikumpigia simu, nikamwonyesha daftari na kumwambia mwezi atakaoanza kupokea. Kikoba niliomba marejesho yagawanywe, nikakubaliwa kwa sababu nilikwenda kabla sijakosa hata wiki moja. Kwa Mangi tulifunga ukurasa: deni la zamani likabaki palepale, tukaanza kununua kwa fedha taslimu tu, hata kama ni sukari robo.

Na usikope kausha damu ya pili kulipa ya kwanza. Mimi nilifika mlangoni kwao kabisa, nikarudi.

HATUA YA TATU: Isome mita siku saba

Hapa ndipo hela ilipotoka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye nyumba nyingi luku inanunuliwa ya 2,000 leo, 3,000 keshokutwa, na hakuna anayejua mwezi umekula ngapi. Kwa siku saba, saa moja asubuhi, andika uniti zilizobaki. Ukinunua, andika ulizoongeza. Sisi tulikuta tunakula uniti 4.6 kwa siku, yaani 138 kwa mwezi. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, T1, uniti ni shilingi 292, ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya msimamizi wa nishati (EWURA) asilimia 1 inafika kama 356. Zidisha: zaidi ya 49,000 kila mwezi. Nilidhani tunatumia 30,000.

Kisha tafuta mlaji. Zima kila kitu, washa kimoja kimoja, tazama kile kitaa chekundu cha mita kinavyopepesa. Kikipepesa haraka, hapo pana mlaji.

Wa kwetu alikuwa friji. Lilikuwa linakula uniti 2.6 kwa siku peke yake. Fundi alinifundisha kipimo cha karatasi: bana karatasi kwenye mlango, ufunge, uivute. Yangu ilichomoka kama inatoka kwenye bahasha. Mpira wa mlango ulikuwa umekufa upande wa chini, baridi inavuja usiku na mchana, mota haipumziki. Tukabadilisha mpira, tukalisogeza friji kutoka ukutani kiasi cha kiganja, nikafuta vumbi kwenye nyaya za nyuma. Likashuka hadi uniti 1.3.

Wa pili alikuwa koili ya kuchemshia maji ya kuoga ya mama mkwe. Mama ana miguu inayouma, maji ya baridi hawezi, na sikuwa tayari kubana matumizi kupitia mwili wake. Kwa kuwa jua la Dar halina uchoyo, nilijaza dumu jeusi la lita 20, nikaliweka kwenye bati la choo toka saa mbili asubuhi. Saa kumi jioni maji yana joto zuri la kuogea. Mama akahamisha kuoga kwake kutoka alfajiri hadi jioni, na mwenyewe anasema analala vizuri zaidi. Koili sasa inatumika siku za mvua.

Pasi: wati 1,000 ni uniti moja kwa saa, na kila unapoiwasha upya inaanza kujipasha. Sare zote zinanyooshwa Jumapili kwa mkupuo. Taa tulibadilisha tatu zilizobaki za zamani. Balbu ya wati 60 na ya LED ya wati 9 zinatoa mwanga unaokaribiana. Sabufa na king'amuzi vinachomolewa usiku, ingawa hapo faida ni ndogo, usipoteze usingizi kwa hilo.

Tukafika uniti 2.3 kwa siku, 69 kwa mwezi. Nusu kamili. Shilingi 24,500 hivi zilibaki mkononi kila mwezi.

HATUA YA NNE: Jikoni

Tulikuwa tunanunua mkaa wa 2,000 kila siku, 60,000 kwa mwezi. Mkaa wa kupimiwa ni ghali kuliko wa gunia, lakini mwenye deni hana hela ya gunia, najua. Tulianza na visivyohitaji mtaji: maharage yanalowekwa usiku kucha, yanachemshwa ya siku mbili, sufuria inafunikwa, na jiko likishawaka halizimwi kabla maji ya chai hayajaingia kwenye chupa. Chai na vya kukaanga vikahamia mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 tuliokuwa nao umelala uvunguni. Jumla ya mkaa na gesi ikashuka hadi 40,000.

Madeni yalipoisha nilinunua sufuria ya presha ya umeme. Nilipima: kilo moja ya maharage yaliyolowekwa ilikula nusu uniti, chini ya shilingi 200. Umeme si adui jikoni, inategemea chombo. Ila msinunue kwa mkopo ili mpunguze gharama, nawaomba sana.

HATUA YA TANO: Hela iliyookolewa iondoke siku ileile

Ukiiacha kwenye pochi italiwa chipsi. Mimi kila Jumamosi nilihesabu uniti zilizookolewa, nikazigeuza shilingi, nikazipeleka kwa mdai aliye mbele kwenye foleni, na kupokea stakabadhi au ujumbe wa simu. Kausha damu ilipokwisha baada ya siku 22, sikuiachia ile 6,000 irudi kwenye matumizi yote. Nusu, 3,000, iliendelea kutoka kila siku kama vile afisa bado anapita. Hiyo ni 90,000 kwa mwezi, ukijumlisha na 44,500 za umeme na jikoni unaona jinsi miezi saba ilivyopatikana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa watoto wawili, Morogoro: Dada, asante. Mume wangu hataki kabisa kutaja madeni yake. Nifanyeje?

Jibu: Pole mdogo wangu. Anza na lako, kamili, bila kumlaumu, na usidai lake siku hiyo. Wangu alisema kwa sababu nilitangulia. Akikataa, fanya hatua ya tatu na ya nne wewe mwenyewe. Mita haihitaji ruhusa yake. Akiona hela imebaki atauliza imetoka wapi, na hapo mazungumzo yatakuja.

Mpangaji, Tandika: Sisi tupo vyumba sita luku moja, kila mtu 5,000. Mimi nina balbu na feni, jirani ana friji na pasi. Nikibana mimi anafaidi yeye.

Jibu: Kweli kabisa kaka, na hilo linaumiza. Andikeni vifaa vya kila chumba, wati zake na saa zinazotumika, mgawane kwa uniti. Balbu ya wati 9 kwa saa 6 na feni ya wati 50 kwa saa 8 hazifiki nusu uniti kwa siku. Friji ni moja hadi mbili na nusu. Mkiwa na maelewano, changieni mita ndogo za kila chumba, zifungwe na fundi anayeaminika. Pelekeni hesabu kwa mwenye nyumba mkiwa wote, mmoja akienda peke yake anaonekana mkorofi.

Huyohuyo: Na kwa nini mwanzo wa mwezi uniti zinakuwa chache?

Jibu: Ni kodi ya jengo. Nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 kila mwezi kupitia luku. Ukinunua ya 5,000 inabaki 3,500, unapata kama uniti 9.8 badala ya 14. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo tunza risiti za mwaka mzima, 18,000, muombe azipunguze kwenye kodi ya pango. Wa kwangu wa chumba cha kushonea alikubali nilipomwekea risiti mezani.

Kaka wa Kigamboni: Jirani yangu ananunua ya 9,150 anapata uniti 75. Mimi kwa hela hiyo napata 25. Mita yangu mbovu?

Jibu: Mita yako ni nzima. Jirani yupo D1, ya matumizi madogo ya nyumbani: uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi. Akivuka 75, zinazofuata ni 350, ghali kuliko zako za T1. Ukikaa chini ya 75 miezi kadhaa mfululizo, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako na namba ya mita, uombe kubadilishiwa. Mimi nimeshapeleka ombi, nasubiri. Kwa uniti zangu 69 tofauti ni kubwa: 8,400 badala ya 24,500.

Dada, Mwanza: Nilikopa kwenye programu ya simu. Nimechelewa siku nne, wametuma ujumbe kwa bosi wangu na kwa mchungaji kwamba mimi ni tapeli. Natamani kuzima simu nisipatikane.

Jibu: Dada yangu, usizime simu na usikae na hili peke yako. Aibu hiyo wameitengeneza wao. Kwanza, mwambie bosi na mchungaji mwenyewe, leo, kwa kifupi: nina deni, nalilipa, hao wameingia kwenye namba zangu. Pili, piga picha ujumbe wote kabla haujafutwa. Tatu, angalia kama wana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na kibali, na orodha ni ya wazi. Wasipokuwa na leseni, peleka malalamiko Benki Kuu, na polisi kwa ujumbe wa kukuchafua. Nne, ondoa ruhusa ya programu kusoma majina na picha zako. Ulichokopa ukirudishe, na ushahidi wa malipo uutunze, ila ile hela ya "kuongezewa siku" usiitoe, kwa sababu haipunguzi deni hata shilingi. Nimekutumia ujumbe pembeni, nijibu tafadhali.

Mama mkubwa, Tanga: Mwanangu, nikizima friji usiku nitaokoa?

Jibu: Shikamoo mama. Kidogo sana, maana asubuhi linafanya kazi ya kurudisha baridi yote, na samaki wako wanaweza kuharibika. Jaribu ile karatasi mlangoni kwanza, pande zote nne, hasa chini. Ikichomoka, mwite fundi abadilishe mpira tu. Akikwambia gesi imeisha wakati barafu bado inaganda vizuri, tafuta fundi mwingine.